Darubini ya Mtawa

Je, wajua kwamba darubini inayotumiwa leo na maelfu ya wapenzi wa nyota duniani ilianzia katika nyumba ya watawa, na kwamba aliyeiunda alifukuzwa utawani?

John Dobson alizaliwa Beijing mwaka 1915, akakulia San Francisco, akasomea kemia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1944 alijiunga na watawa wa Vedanta, wafuasi wa falsafa ya Kihindu. Mtawa hana mshahara. Alipotamani kuutazama mwezi kwa karibu, alichukua kioo kinene cha dirisha la meli kuukuu na kukisugua kwa mikono mpaka kikawa kioo cha darubini chenye upana wa inchi 12. Mashimo na milima ya mwezi vilimjia waziwazi, na hapo akaamua kwamba kila mtu lazima auone mwezi hivyo.

Uamuzi huo ulimgharimu. Alipohamishiwa Sacramento alikuwa akitoka usiku na darubini yenye magurudumu, akiisukuma mitaani na kuwaita majirani na watoto wao waje kuchungulia. Kazi hii aliifanya kwa kificho. Katika barua zake kwa mtawa mwenzake, darubini aliziita kwa jina la ua, asije mkubwa akasoma na kuelewa. Mwaka 1967 alifukuzwa utawani. Mwaka uliofuata, pamoja na vijana aliowafundisha kuunda darubini, alianzisha kikundi cha kuwaonyesha nyota wapita njia wa San Francisco, bila malipo, kando ya barabara. Muundo wake hakuuwekea hataza. Yeyote aliyetaka kuuiga aliuiga, na viwanda navyo viliuiga. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 98.

Roho ya darubini hii ni kioo, na kioo kinastahili maelezo marefu. Unahitaji vipande viwili vya mviringo vya kioo kinene. Kimoja unakilaza mezani, unakinyunyizia maji na unga mkali wa kusagia, kisha unakiweka cha pili juu yake na kuanza kukisukuma mbele na nyuma, huku ukizunguka meza. Cha juu hulika zaidi katikati, cha chini hulika zaidi ukingoni. Saa baada ya saa, cha juu kinabonyea. Unabadilisha unga, kila mara mwembamba kuliko uliopita, mpaka unafika kwenye kung'arisha, kazi inayofanywa kwa kitanda cha lami laini kilichopakwa oksidi ya chuma au ya seriamu.

Kinachotakiwa mwishoni ni umbo la parabola, ili mwanga wote wa nyota ukutane mahali pamoja. Hitilafu kwenye uso wa kioo isizidi nanomita 70 hivi, yaani kama sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Mtu wa kawaida mezani kwake nyumbani anawezaje kupima kitu kidogo namna hiyo? Jibu lilitolewa na Mfaransa Léon Foucault karibu mwaka 1858: taa yenye tundu dogo na wembe. Mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo unakatwa kwa makali ya wembe, na kila kilima na kila bonde juu ya kioo huonekana kama kivuli. Mimi sijui kifaa kingine cha bei ndogo hivi kinachompa mtu uwezo mkubwa hivi. Kioo kikishakamilika hupelekwa kupakwa utando wa alumini katika chombo kisicho na hewa.

Faida yake ni mwanga. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kama milimita 7. Kioo cha milimita 300 hukusanya mwanga mara 1,800 na ushei kuliko mboni hiyo.

Lakini watu walikuwa wakisaga vioo kabla ya Dobson. Lililowashinda wengi ni kuvibeba. Darubini nzuri ilihitaji stendi nzito ya chuma, yenye mhimili ulio sambamba na mhimili wa dunia na mota ya kuifuata nyota. Kioo kikiwa kikubwa, stendi ilikuwa mzigo wa watu kadhaa. Dobson aliiondoa yote. Bomba lake ni lile la karatasi ngumu linalotumiwa na mafundi ujenzi kumwagia nguzo za zege. Bomba limekaa ndani ya boksi la plaiwudi, na boksi linazunguka juu ya vipande vya Teflon. Teflon haishikilii ikiwa imetulia kisha ikaachia ghafla ikisukumwa. Husogea polepole kwa nguvu ya kidole. Juu na chini, kushoto na kulia, basi.

Kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta, muundo huu una faida ambayo vitabu vingi vya kaskazini havina sababu ya kuitaja. Mhimili wa ile stendi ya zamani huinuliwa kwa nyuzi za latitudo ya mahali. Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo kusini, Kampala haifiki hata nusu ya nyuzi kaskazini. Hapo mhimili unalala karibu sawa na ardhi, na stendi nyingi za dukani haziwezi kushuka kiasi hicho. Boksi la Dobson halijali latitudo.

Lina udhaifu wake pia. Nyota ikiwa utosini kabisa, kugeuza bomba ni taabu. Ukikuza mara 100, sayari iliyo karibu na ikweta ya anga inaweza kupita katika uwanja wa kuonea kwa takriban dakika 2, nawe unasukuma tena. Mpiga picha za anga atahitaji mota. Anthony Wesley wa Australia, aliyeona alama nyeusi ya kitu kilichoipiga Mshtarii tarehe 19 Julai 2009, alikuwa akitumia kamera na darubini ya inchi 14.5 inayofuata anga yenyewe. Kwa upande mwingine, mchungaji Robert Evans, Mwaustralia pia, alianza na darubini ya inchi 10 na kuigeuza kutoka galaksi moja hadi nyingine, akilinganisha alichokiona na picha alizozihifadhi kichwani. Kwa jicho tu kwenye darubini, bila kamera, aligundua supanova zaidi ya 40.

Ukiwa Uganda au Kenya mwishoni mwa Mei, kama saa nne usiku, elekeza bomba kusini. Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota lililo umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi, limepanda karibu nusu ya anga. Uingereza halichomozi kamwe. Sasa geuza boksi kaskazini bila kubadilisha mwinuko. Kwa urefu uleule ipo galaksi M51, ambayo watu wa kusini mwa New Zealand hawaioni. Mikono yake ya mzunguko ilionekana mara ya kwanza mwaka 1845 huko Ireland, na Lord Rosse, kwa kioo chenye upana wa mita 1.8. Mbali na taa za mjini, kioo cha milimita 300 kilichosagwa vizuri kinaionyesha.