Plagi ya Pasi Inapoungua

Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo na nyaya za umeme zimefika mbali na mji wa Lushoto. Pasi ya mkaa bado ipo, lakini washonaji wengi milimani sasa wanatumia pasi ya umeme. Pasi ya mkaa ikiharibika, unaona kwa macho. Ya umeme huficha ugonjwa wake.

Tuseme wewe ni mshonaji pale Soni. Kesho ni harusi, na nguo za wateja ziko mezani. Unachomeka pasi, haipati moto. Jana ilikuwa inawaka na kuzima. Ukitikisa waya, inawaka tena. Tena kulikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Jirani atakuambia, "Pasi imekufa, nunua nyingine." Usiende dukani kwanza. Mara nyingi pasi ni nzima, iliyokufa ni plagi. Na bei ya plagi ni ndogo sana kuliko bei ya pasi.

Kwa nini plagi huungua?

Ndani ya plagi kuna skrubu ndogo. Kila skrubu hubana waya mmoja. Skrubu ikilegea, waya unagusa kidogo tu. Fikiria watu wanaotoka katika mkutano. Mlango ukiwa wazi, wanapita bila shida. Mlango ukifunguliwa nusu, wanasukumana na kusuguana, na joto linapanda. Umeme pia ukipita mahali palipolegea hutoa joto. Plastiki inalainika, inakuwa nyeusi, na mwisho inaweza kushika moto. Huku milimani kuna ukungu na unyevu, na shaba hushika kutu ya kijani. Kutu hiyo nayo huzuia umeme kupita vizuri.

Tafuta ubovu

Kwanza pima soketi. Chomoa pasi, kisha chomeka redio au taa katika soketi ile ile. Redio ikilia, soketi ina umeme. Isipolia, tazama kama jirani ana umeme, na kama LUKU yako ina uniti. Usicheke. Watu wamewahi kufungua pasi nzima, kumbe uniti zimekwisha.

Sasa zima swichi, chomoa plagi, na acha pasi ipoe. Wakati wote wa kazi, plagi iwe mkononi mwako. Pasi iliyochomolewa haiwezi kukurusha. Swichi peke yake usiiamini.

Chukua bisibisi. Fungua skrubu kubwa iliyo katikati ya meno matatu ya plagi, kisha ondoa kifuniko. Tazama na unuse. Je, kuna mahali peusi? Je, kuna waya uliochomoka? Vuta kila waya polepole. Ukicheza, umepata ubovu.

Halafu toa fyuzi, kile kijiti kifupi chenye vichwa viwili vya chuma. Unaweza kuipima kwa tochi ya bati. Fungua mfuniko wa nyuma wa tochi na uwashe swichi yake. Kichwa kimoja cha fyuzi kiguse kitako cha betri. Kichwa cha pili kiguse ukingo wa tochi, mahali pasipo na rangi. Balbu ikiwaka, fyuzi ni nzima. Isipowaka, fyuzi imekatika.

Fyuzi ikikatika, usiweke msumari wala karatasi ya sigara inayong'aa. Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla nyumba haijaungua. Msumari haukatiki.

Uweke fyuzi gani? Soma kibati cha pasi, utafute herufi W. Hizo ni wati. Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230. Gawanya wati kwa 230 upate ampea. Pasi ya wati 1150 ni hivi: 1150 ÷ 230 = 5. Pasi hiyo inavuta ampea 5. Fyuzi zinazopatikana zaidi ni za 3 na 13, basi hapa utaweka ya 13. Televisheni ya wati 115 inavuta nusu ampea tu. Hiyo iwekee ya 3. Ukiweka fyuzi mpya nayo ikakatika mara moja, ubovu uko ndani ya pasi au katika waya wake. Mpelekee fundi.

Kuweka plagi mpya

Dukani tafuta plagi yenye alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango. Ipime uzito mkononi. Ukiwa na sumaku ya spika kuukuu, gusisha na meno. Meno mazuri ni ya shaba nyeupe au ya njano, hayashikwi na sumaku. Yakishikwa, ni chuma kilichopakwa rangi. Rudisha.

Kata sehemu yote ya waya iliyoungua, mpaka uone shaba inayong'aa. Menya ganda la nje bila kujeruhi nyaya za ndani. Utakuta nyaya tatu zenye rangi. Hapa ndipo kisomo chako kinapofanya kazi, kwa sababu ndani ya plagi kuna herufi tatu karibu na skrubu.

Waya wa kahawia unakwenda kwenye L, upande wa fyuzi. Huu ndio waya wa moto.

Waya wa buluu unakwenda kwenye N.

Waya wa kijani wenye mstari wa njano unakwenda kwenye E, jino refu. Huu ni waya wa ardhini.

Waya wa ardhini usiuache hata siku moja. Pasi ina mwili wa chuma. Waya wa moto ukigusa chuma hicho, umeme utakimbilia ardhini kwa njia hiyo na fyuzi itakatika. Bila waya huo, umeme utapita kwako, hasa ukiwa peku juu ya sakafu yenye maji. Uache uwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili waya mkubwa ukivutwa, huo uchomoke mwisho.

Menya ncha za nyaya, kiasi cha upana wa kidole kidogo. Sokota nyuzi za shaba vizuri, hata uzi mmoja usibaki nje. Kaza skrubu, kisha vuta kila waya kuhakikisha. Mwisho, banio la mlangoni mwa plagi libane ganda la nje, lisibane nyaya za ndani. Funga kifuniko.

Chomeka, washa, piga pasi dakika kumi. Zima, chomoa, na ushike plagi. Uvuguvugu kidogo hauna neno. Ikiwa ni ya moto mno kushika, au ile harufu imerudi, huenda soketi ya ukutani nayo imeungua ndani. Soketi usiifungue wewe. Acha kuitumia, na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA.