Weka Daftari la Bei za Vyakula



Panda matatu kutoka Kajiado kwenda Kitengela, nawe utasikia abiria wakinung'unikia bei. Mmoja asema unga umepanda mara mbili, mwingine akataa. Waulize unga ulikuwa shilingi ngapi mwaka jana mwezi kama huu: hakuna ajuaye! Wewe una haja ya kujua kuliko hao, kwa kuwa u muuzaji na mnunuzi pia. Leo wauza mahindi, nyanya au mbuzi, na kesho waingia dukani kununua sukari, mafuta, majani ya chai, na miezi ya njaa hata unga wenyewe.

Chukua daftari la shule. Piga mistari, uandike tarehe, duka, kitu, kipimo na bei. Andika siku moja katika kila mwezi, duka lile lile, kipimo kile kile. Bei ya siku ya soko usiilinganishe na bei ya siku nyingine.

Kipimo ndicho kinachowapoteza wengi. Mama wa sokoni hapendi kubadili bei ya fungu, maana wateja wameizoea, hupunguza nyanya. Fungu la nyanya tano kwa shilingi 20 likiwa la nyanya nne, bei imepanda kwa robo nzima, ingawa umetoa shilingi 20 zile zile. Kitita cha sukuma wiki nacho hukonda vivyo hivyo. Gorogoro usiliamini kabla ya kutazama kitako, kwa kuwa liko lililobonyezwa kwa ndani. Pakiti ya maziwa ya mililita 500 na ile ya 450 zafanana kwa macho, basi soma maandishi. Penye mizani, andika bei ya kilo.

Shirika la Kitaifa la Takwimu, yaani KNBS, hufanya kazi kama hiyo kwa nchi nzima na kutangaza hesabu yake kila mwisho wa mwezi. Bei za Februari 2019 limeziita 100. Ukisikia hesabu imefika 140, maana yake vitu vilivyonunuliwa kwa shilingi 100 wakati ule sasa vyataka 140. Katika hesabu hiyo chakula huchukua karibu theluthi moja ya matumizi. Nyumbani kwa mkulima mdogo mara nyingi huchukua zaidi, kwa hiyo unga ukipanda wewe huumia kuliko hesabu ya Taifa inavyoonyesha.

Acha pia nafasi ya kuandika sababu. Mei 2017, wakati wa ukame, Serikali ilitoa ruzuku, pakiti ya unga ya kilo mbili ikauzwa shilingi 90. Julai 2022 ikateremshwa tena, kutoka 205 hadi 100, kwa majuma machache tu. Atakayekuta 100 daftarini bila maelezo atadhani mahindi yalijaa ghalani mwaka ule, kumbe mvua zilikuwa zimekosekana.

Sasa sikiliza hesabu ya mbuzi, ambayo kwa kaunti zetu kavu naiona kubwa kuliko zote. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame huifuata kila mwezi: mbuzi mmoja akiuzwa, atanunua kilo ngapi za mahindi? Tuseme mbuzi ni shilingi 6,000 na mahindi ni 60 kwa kilo. Utapata kilo 100. Ukame ukiingia, mbuzi hukonda na wauzaji huwa wengi; tuseme sasa ni 3,000, na mahindi yamefika 75. Utapata kilo 40. Aliyeandika bei ya mahindi peke yake atasema chakula kimepanda kwa robo, kumbe mbuzi wake amepoteza kilo 60 za chakula! Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo, na wengi wa Kajiado waliuza mifugo ikiwa mifupa mitupu, au haikuuzwa kabisa.

Kwa hiyo andika bei ya mbuzi na ya mahindi katika mstari mmoja, na kando yake kilo. Kilo zikipungua miezi miwili mfululizo na mawingu hayaonekani, uza wale wa ziada wangali na nyama, ununue mahindi na kuyahifadhi makavu. Mwenye nyanya naye aandike bei aliyopewa na dalali shambani na bei ya rejareja Kitengela juma lile lile, ili dalali akija tena ajue la kumjibu.