Ziwa Nabugabo na Nkejje Wake

Sisi tukaao Kibimba hatuna pwani. Maji yetu ni ya mito na vinamasi. Lakini msomaji akivuka mto Kagera na kushika njia ya kaskazini hata Masaka, katika nchi ya Buganda, atalikuta ziwa dogo liitwalo Nabugabo, ambalo zamani lilikuwa ghuba ya Ziwa Viktoria. Mawimbi yalirundika mchanga mlangoni mwa ghuba ile hata ukawa ukuta, na maji ya ndani yakafungwa. Wenye elimu hukadiria kwamba jambo hilo lilitukia yapata miaka 4,000 au 5,000 iliyopita. Kina chake ni kama mita 5 tu, na chokaa ni haba majini, hata konokono ni nadra, kwa kuwa hawana cha kujengea makombe yao.

Samaki waliofungiwa humo waligeuka. Katika miaka ya 1930 na 1931 wataalamu wa Cambridge walikuja kuwakusanya, na baadaye ikathibitika kwamba aina 5 za nkejje hazikupatikana penginepo. Nkejje ndio wale tuwaitao furu, na Waluo huwaita fulu. Waganda huwakausha, nao wamewatumia tangu zamani kuwa dawa ya watoto wenye surua. Tena uko ukoo wa Nkejje, ambao mwiko wao ni samaki huyo. (Jina jingine lataka hadhari: Mganda akisema kwamba yeye ni wa ukoo wa Mamba, hasemi yule mnyama wa mtoni mwenye meno, bali kamongo.)

Miaka ya 1960 sangara alitiwa Nabugabo, kama alivyokwisha kutiwa Viktoria. Akala, na nkejje wengi wakatoweka katika maji ya wazi. Lakini hawakwisha wote. Kandokando ya ziwa mna kinamasi chenye nyasi ndefu, mafunjo na mayungiyungi, na ndani yake hewa ya kuvuta ni kidogo mno. Sangara haivumilii, nkejje wa aina kadhaa huivumilia, wakakimbilia humo. Basi kinamasi kile, ambacho wengi wetu hukiona kuwa ni ardhi bure ingojayo kukaushwa, ndicho boma lao. Mwaka 2004 kiliandikwa pamoja na ziwa katika orodha ya Ramsar. Lakini po pote ukingo ukatwapo au kuchomwa moto, sangara hupata mlango.