Nani ameandikwa kwenye jalada la "Kothbiro"?

Katika vibanda vya Kware, kule Embakasi, ambako kijana hulipa shilingi chache akajaziwa nyimbo kwenye flashi, wimbo hauna jalada. Una jina la faili tu, nalo huwa limeandikwa na yeyote aliyeunakili kwanza. Si ajabu basi kumkuta mwanafunzi anayeujua barabara mlio unaozunguka nyuma ya maneno ya "Yikes", wimbo alioutoa Mmarekani Kanye West mwaka 1 baada ya uchaguzi wetu wa 2017, asijue kwamba mlio huo ulitoka Nairobi, katika rekodi ya bendi ya Kikenya ya miaka ya 1970.

Wimbo wa asili ni "Kothbiro", yaani, kwa Kijaluo, mvua inakuja. Bendi yenyewe ilijiita Black Savage: vijana wa mjini waliopiga roki kwa magitaa ya umeme, wala hawakuona aibu kuitia lugha ya mama zao ndani ya muziki wa wageni. Mmoja wao alikuwa Job Seda, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1956. Jina hilo ulishike vizuri, mwalimu, maana halitadumu.

Mwaka 1979 Seda alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band, pamoja na Alan Donovan, Mmarekani aliyekuwa na nyumba ya sanaa ya jina hilo jijini Nairobi. Mwaka 1985 alionekana katika filamu ya "Out of Africa", bado akiitwa Job Seda. Mwaka uliofuata alihamia Uingereza, akawa anapiga nyatiti katika vituo vya treni za chini ya ardhi vya London, wapita njia wakimtupia sarafu. Huko ndiko waandaaji wa tamasha la WOMAD walikompata. Na aliyepatikana hakuwa Seda tena, bali Ayub Ogada.

Albamu yake, "En Mana Kuoyo", ilitolewa mwaka 1993 na Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel. Humo "Kothbiro" ilizaliwa mara ya pili. Lakini tazama ilivyozaliwa! Ngurumo za bendi ya roki zimeondoka. Imebaki nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho mpigaji hukipiga ameketi chini, pete ya chuma ikigonga ubao kwa kidole cha mguu, na juu yake sauti tulivu ya mtu anayewahimiza watoto warejeshe ng'ombe nyumbani kabla ya mvua. Ni rekodi nzuri mno. Sina kinyongo nayo. Hata hivyo, msikilizaji wa Ulaya aliyeinunua alidhani amepata kitu cha kale, kisichoguswa na umeme, kumbe kwenye rekodi umeme ndio uliotangulia. Nairobi ilikuwa imekwisha kuucheza wimbo huo kwa gitaa la umeme miaka mingi kabla ya London kuusikia kwa nyatiti.

Hapa ndipo wanafunzi wetu wanapodanganyika, na baadhi yetu walimu pia. Tumezoea kufundisha kwamba muziki wa Kiafrika hutoka kijijini ukiwa safi, kisha mji unauharibu. Historia ya wimbo huu inakwenda kinyumenyume. Mtoto wa mji ndiye aliyekipanda chombo cha babu zake baada ya kuchoshwa na gitaa, au baada ya soko kumwonyesha kwamba wageni wanakipenda zaidi. Pengine yote mawili ni kweli.

Mwaka 2005 toleo la nyatiti likaingia katika filamu ya "The Constant Gardener", iliyopigwa hapa nchini, pamoja na Kibera. Watu waliolia ndani ya majumba ya sinema ya Ulaya na Marekani walilia na Ogada. Kisha, tarehe 1 Juni 2018, Kanye West akatoa albamu iliyoitwa "Ye", ambayo ilishika nafasi ya kwanza Marekani. Kwa "Yikes" hakuichukua rekodi ya Uingereza. Alirudi kwenye santuri ya umeme ya Black Savage, akakata kipande, akakitia ndani ya wimbo wake. Katika orodha ya watunzi yakaandikwa majina mawili ya kwetu: Ayub Ogada na James Mbarack Achieng.

Huyo wa pili ni nani? Waulize darasa zima uone. Yule wa kwanza walau gazeti lilimwandika alipofariki, tarehe 1 Februari 2019. Wa pili ametajwa na Wamarekani kwa herufi ndogo zaidi ya tulivyowahi kumtaja sisi kwa mdomo.

Jina la Kware, kama wajuavyo wenyeji, limetokana na machimbo ya mawe. Jiwe lilichimbwa huku, nyumba ikasimama kwingine, shimo likabaki kwa waliobaki. Lakini jiwe angalau halibadilishwi jina njiani. Wimbo hubadilishwa. Kila toleo jipya huja na jalada jipya, na mwenye kuandika jalada ndiye anayeamua nani atakumbukwa. Wapo watakaoniambia kwamba bila wageni hao rekodi hizi zingeoza ghalani. Nakubali. Ndiyo sababu inayonifanya niulize kwa nini ghala letu lilikuwa la kuozeshea.

Na sheria nayo haingojei. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Watunzi wakiwa wawili, hesabu huanzia kwa yule afaye mwisho. Kwa hiyo utunzi wa Ogada una kinga hadi mwisho wa 2069, kama si zaidi. Rekodi, yaani sauti yenyewe iliyonaswa, hulindwa miaka 50 tu tangu mwaka iliponaswa. Iliyofanywa mwaka 1976, kwa mfano, kinga yake inakoma mwisho wa 2026. Uingereza rekodi iliyotolewa hulindwa miaka 70, hivyo "En Mana Kuoyo" ya 1993 ina mwenyewe kule hadi mwisho wa 2063. Nyatiti iliyopigiwa ughaibuni itakuwa na bwana miongo kadhaa baada ya santuri za umeme za Nairobi kuwa mali ya yeyote apitaye, aziuze atakavyo, na jalada atakalo.

Gredi ya 10 ina mkondo wa sanaa sasa. Mwalimu wa Kware hahitaji maabara kwa somo hili. Wasikilizishe wanafunzi "Kothbiro" zote mbili, ya magitaa na ya nyatiti, halafu "Yikes". Kisha kila mmoja aandike jalada: nani aliimba, nani alitunga, wapi, lini. Na wenye babu au shangazi waliokuwa wakicheza dansi Nairobi miaka ile wawaulize majina ya waliopiga ngoma na gitaa la besi, wayaandike kabla wenye kuyajua hawajaondoka.