Mgonjwa wa figo asing'olewe jino siku ya kusafishwa damu

JINO likiuma usiku kucha, wengi wetu hungoja kupambazuke tu tukimbilie duka la dawa. Kwa mtu ambaye figo zake zimedhoofika sana, vidonge anavyonunua huko huweza kumletea balaa kubwa kuliko jino lenyewe.

Dawa za kutuliza maumivu kama vile ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo, na hivyo kumaliza nguvu chache zilizosalia. Parasetamoli, kwa kipimo alichoagiza daktari, huwa salama zaidi.

Hata hivyo, vidonge haviponyi jino bovu, na siku ya kuling'oa ina hesabu yake. Wagonjwa wengi humu nchini husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Ili damu isigande ndani ya mipira ya mashine, mgonjwa hutiwa dawa iitwayo heparini. Aking'olewa jino siku iyo hiyo, damu huenda ikachelewa kukoma. Ndiposa madaktari hupendelea siku inayofuata: heparini imekwisha nguvu, nayo sumu ambayo huvuruga ugandaji wa damu ingali kidogo mwilini.

Daktari wa meno naye aelezwe hali hiyo kabla ya kushika koleo. Mkono wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya mashine haufungwi kipimo cha shinikizo la damu wala haudungwi sindano. Vipimo vya baadhi ya viuavijasumu pia hupunguzwa, kwa kuwa figo haziwezi kuvitoa mwilini.

Kinywa cha mgonjwa huyu hukauka kwa sababu amewekewa kiwango cha maji ya kunywa, nayo fizi hutoka damu kwa urahisi. Baadhi huogopa damu hiyo wakaacha kupiga mswaki. Hilo ni kosa. Kinachohitajika ni mswaki laini.

Anayetarajia kupandikizwa figo hukaguliwa meno kwanza. Baada ya upasuaji atameza dawa za kudhoofisha kinga ili mwili usiikatae figo mpya, na usaha uliojificha chini ya jino waweza kusambaa na kumuua. Ndugu wa kutoa figo huenda amepatikana na harambee imekwisha kufanywa, kisha upasuaji uahirishwe kwa ajili ya jino moja ambalo lingeshughulikiwa miezi kadhaa mapema.