Twende Kalemie na watoto: matembezi mahali pa vita vya ziwa

Sisi wamama wa Manono tunaijua Ankoro kama mahali Luvua inapoingia katika Lualaba. Wachache kati yetu wanajua kwamba mwezi wa 10 mwaka 1915 mashua mbili za vita za Waingereza zilipita hapo, zikishuka mto kutoka Bukama kuelekea Kabalo. Kabalo zilipakiwa kwenye treni hadi ziwa Tanganyika, mahali palipoitwa Lukuga, leo mji wa Kalemie. Huko zilipigana na meli za Wajerumani. Kwa hiyo vita hivyo si habari za Ulaya tu. Njia yake ilipita katika teritwari yetu.

Likizo kubwa iliyopita tulipeleka watoto 14 wa kikundi chetu kuona mahali hapo. Tunaandika haya ili vikundi vingine vinavyofikiria safari kama hiyo vijue faida yake na namna ya kuipanga.

Kabla ya kuondoka tulibishana. Mama mmoja alisema wazi: “Watoto wetu wamekwisha kuona vita. Wengine walizaliwa njiani tukikimbia. Mnataka kuwaonyesha nini tena?” Neno lake lilikuwa zito. Katika jimbo letu, mapigano kati ya Watwa na Waluba yametoa jamaa nyingi nyumbani mwao, na wavulana wetu bado wanachonga bunduki za vijiti na kuchezea kufa. Tulikubaliana kwenda kwa sharti moja: katika kila mahali tutakaposimama, tutawauliza watoto maswali matatu. Nani alibeba mizigo? Nani alitoa chakula na maji? Na mwisho wake ulikuwaje?

Kalemie hakuna lango la kuingilia, tiketi wala mtu wa kuongoza wageni. Ni sisi wenyewe tuliopanga matembezi: asubuhi kituo cha zamani cha treni, halafu ufukwe hadi karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, na jioni kilimani, ambapo ziwa linaonekana lote mbele yako.

Kituoni tuliwasimulia watoto safari ya mashua. Zilikuwa ndogo, urefu wa mita 12 hivi, nazo ziliitwa Mimi na Toutou. Watoto walicheka sana: “Mashua inaitwa Mimi?” Kwa Kifaransa hayo ni majina ya kubembeleza paka na mbwa. Zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni hadi Fungurume. Kutoka hapo hadi Sankisia hapakuwa na reli. Zilivutwa kwa ng'ombe na kwa injini za mvuke zaidi ya kilomita 200 porini, kupitia milima ya Mitumba. Watu walikata miti, wakafungua njia na kujenga madaraja.

Hapo tukauliza swali la kwanza na la pili. Wanaosimulia safari ile wanaeleza kwamba injini zilipokosa maji, wanawake wa vijiji vya karibu ndio walioyachota mbali na kuyaleta kwa vyungu kichwani. Msichana wetu wa miaka 11, ambaye kila asubuhi huenda kisimani na bidoni yake, alisimama kimya kidogo, kisha akauliza: “Walilipwa?” Tuliona kwamba amekwisha kuelewa vita kuliko kama tungemhesabia mizinga.

Ufukweni tulisimulia vita vyenyewe. Mwaka 1914 Wajerumani ndio waliotawala ziwa. Mwezi wa 8 mwaka huo meli yao Hedwig von Wissmann ilishambulia Lukuga na kuharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 1915, siku ya Mungu, siku moja baada ya Noeli, meli nyingine ya Wajerumani, Kingani, ilikuja kuchungulia pwani. Mimi na Toutou ziliifuata na kuiteka kwa muda mfupi sana. Waingereza wakaitengeneza na kuiita Fifi. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 1916 Hedwig ilikuja kumtafuta mwenzake, nayo ikazamishwa. Waholoholo, wenyeji wa pwani hiyo, waliangalia hayo yote wakiwa juu ya vilima.

Watoto walipenda pia habari za mkubwa wa Waingereza, Spicer-Simson, ambaye alizoea kuvaa sketi. Yeye mwenyewe alisema ilishonwa na mke wake. Tuliwaacha wacheke. Lakini kwenye Kingani watu walikufa, na hilo nalo tuliwaambia, kwa sauti ileile.

Tulipofika kilimani, tuliwaambia habari za wapagazi. Baada ya vita vya ziwa, jeshi la Kongo ya Wabelgiji liliingia katika nchi ya Wajerumani na kuteka Tabora mwezi wa 9 mwaka 1916. Askari wengi walikuwa Wakongomani. Nyuma yao walikuwa wapagazi, zaidi ya laki mbili katika miaka yote ya vita, waliobeba risasi, chakula na wagonjwa. Wengi walikufa kwa ugonjwa, njaa na uchovu. Vijijini walibaki wanawake, wakilima peke yao, huku wakidaiwa chakula cha jeshi. Mvulana mmoja akauliza: “Majina yao yameandikwa wapi?” Majina ya mashua watoto walikuwa wameyashika tayari. La mpagazi hata mmoja hatukuwa nalo la kuwapa.

Swali la tatu lilijibiwa na meli moja. Wajerumani walikuwa na meli kubwa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, iliyoitwa Graf von Götzen, yenye urefu wa karibu mita 70. Mwezi wa 7 mwaka 1916, walipoona wameshindwa, waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza walipaka injini zake mafuta mazito ili zisiharibike. Mwaka 1924 ilitolewa majini, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 meli hiyohiyo ilirudisha kwetu maelfu ya wakimbizi Wakongomani waliokuwa Tanzania, na mwaka 2015 ikabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Meli iliyoundwa wakati wa wakoloni na kuvishwa mizinga ilibeba wamama na watoto wao. Yule mama aliyepinga safari ndiye aliyeomba tuwarudilie watoto habari hii mara ya pili.

Wenzetu wa Songea, Tanzania, wametutangulia katika kazi hii. Wana makumbusho ya vita vya Maji Maji, na kila mwaka mwezi wa 2 watu hukusanyika kuwakumbuka viongozi walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 mwezi wa 2 mwaka 1906. Huko watoto wanasikia pia jina la Mkomanile, mwanamke aliyekuwa kiongozi katika vita vile na akauawa. Hawakungoja mgeni aje kuwaambia kwamba mahali pao pana habari.

Kikundi kitakachotaka kwenda, kijue mambo haya. Chukueni maji ya kunywa na bukari ya asubuhi, kwa sababu jua la ufukweni ni kali na watoto huchoka haraka. Mama mmoja asichunge zaidi ya watoto wanne. Msiwaache waoge karibu na Lukuga. Maji yana nguvu na mamba wapo. Bandarini na kituoni ombeni ruhusa kwanza, wala msipige picha kabla ya kuruhusiwa. Na hili tulirudie kila siku, hata nyumbani: chuma usichokijua kilicholala chini usikiguse wala usikiokote, mwite mtu mzima. Jimbo letu limepita vita vingi baada ya vile vya 1916, na mabaki yake yanaua hata leo.

Mtoto aliyeona vita na asione mwisho wake anafikiri kwamba ndivyo dunia ilivyo. Pale kilimani watoto wetu waliona ziwa ambalo watu waliuana juu yake, na sasa wavuvi wanaanika ndagala kando yake, na hakuna anayeuliza babu yako alikuwa upande gani. Watwa na Waluba walikuwa katika kundi letu la watoto 14. Walirudi wakigawana muhogo mmoja.

Kikundi chetu kimeanza kazi ya pili. Kila mama anamwuliza mzee mmoja wa jamaa yake: nani wa kwetu alichukuliwa kubeba mizigo, na nani alibaki na watoto? Tunaandika majina katika daftari moja. Mkutano ujao, leteni ya kwenu.