Dawa za Akili kwa Watoto wa Shule

Fungueni ukurasa mpya wa daftari, mwandike neno moja: DAWA. Leo tunazungumza juu ya dawa wanazopewa watoto ili watulie, wasome, au waondokewe na huzuni. Habari hizi zinatoka Marekani na Kanada, maana huko zimehesabiwa kwa makini.

Tuanze mwaka 1937. Katika mji wa East Providence, Marekani, palikuwa na hospitali ya watoto wenye matatizo ya tabia. Daktari wake aliitwa Charles Bradley. Watoto hao walipopimwa ubongo waliumwa sana na kichwa, naye akajaribu kuwapa dawa iitwayo Benzedrine. Kichwa hakikupoa sana, lakini darasani likaonekana jambo jipya. Bradley akawapa watoto 30 dawa hiyo kwa juma moja. Watoto 14 kati yao walibadilika mno: walikaa kitini, wakamaliza kazi zao. Watoto wenyewe wakaviita vidonge vya hesabu! Dawa ilipoachwa, mabadiliko nayo yakaisha. Shikeni jambo hilo. Dawa ya namna hii haimalizi shida kama dawa ya malaria inavyoua vijidudu. Inasaidia wakati imo mwilini.

Miaka ya 1950 ikaja dawa nyingine, Ritalin, iliyotengenezwa Uswisi na mtaalamu Leandro Panizzon. Aliipa jina kwa kumkumbuka mkewe, Rita. Hata leo inatumika sana kwa watoto ambao hawawezi kutulia wala kushika jambo moja akilini. Sisemi juu ya utundu wa kawaida. Mtoto mwenye shida hii huanza sentensi asiimalize, hupoteza kalamu kila siku, huruka barabarani bila kutazama, nyumbani na shuleni vilevile. Wengi wa watoto hao dawa huwafaa kweli, na mzazi anayempa mwanawe kwa shauri la daktari asionewe haya.

Lakini hesabu zimepanda. Mwaka 2003 Marekani, wazazi wa watoto kama 8 katika kila 100 walisema mtoto wao amepata kuambiwa na daktari kwamba ana shida hiyo. Mwaka 2011 wakawa 11 katika 100. Mwaka 2022 watoto kama milioni 7 walikuwa wamepata kuambiwa hivyo, na katika wale waliokuwa bado na shida, kadiri ya nusu walitumia dawa. Je, watoto wamebadilika? Au macho yetu ndiyo yaliyobadilika? Bila shaka wengine zamani walichapwa tu na kuitwa wajinga, na sasa wanajulikana. Hiyo ni sehemu ya jibu.

Sehemu nyingine inatoka jimbo la British Columbia, Kanada. Hapa nawaomba msikilize polepole. Huko watoto wote waliozaliwa mwaka mmoja huingia darasa la kwanza pamoja. Basi aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Disemba hukaa dawati moja, na mmoja amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima. Kwa mtoto wa miaka sita, mwaka ni mrefu! Wataalamu walitazama habari za watoto zaidi ya 900,000, wakatangaza matokeo mwaka 2012. Chukueni makundi mawili yaliyo sawa. Kwa kila wavulana 100 wa Januari walioandikiwa dawa ya kutuliza, wavulana wa Disemba walikuwa kama 141. Kwa wasichana tofauti ilizidi: 100 wa Januari, 177 wa Disemba.

Ugonjwa haujui kalenda. Baadhi ya watoto hao, basi, yaelekea walikuwa wadogo tu. Mimi nimefundisha darasa la kwanza, na nakiri kwamba sikupata kuuliza ni nani aliyezaliwa mwisho wa mwaka. Nilimwona anayechezacheza, nikamwita mtukutu. Na dawa hizi zina gharama mwilini: hupunguza hamu ya chakula, huzuia usingizi, na zaweza kupunguza kidogo urefu wa mtoto.

Kuna pia dawa za huzuni kwa vijana. Mwaka 2004 serikali ya Marekani iliamuru ziandikwe onyo ndani ya mstari mweusi. Majaribio 24 yalikuwa yamekusanywa. Vijana kama 4 katika 100 waliokunywa dawa walipata mawazo au vitendo vya kutaka kujiua. Waliopewa kidonge kitupu walikuwa 2. Katika majaribio hayo hakuna aliyekufa. Nazo huwafaa vijana wengine sana. Kwa hiyo kijana anayeanza dawa hizi aangaliwe kwa karibu, hasa majuma ya kwanza, na asiziache ghafla bila daktari.

Sasa kazi ya darasa. Juma amezaliwa 2 Januari. Ali amezaliwa 30 Disemba ya mwaka uleule. Wanaanza shule siku moja. Juma amemzidi Ali siku ngapi? Andikeni jibu, halafu mwulizane katika familia zenu ni mtoto yupi aliye Ali. Kwaherini mpaka juma lijalo.